Baa ya Kumi na Saba

Jumatatu, 4 Machi

Nimebeba noti moja kwa miaka thelathini na saba. Sikuiiba. Niliinakili vibaya, nikaifundisha, nikaitetea, na nilipojua kwamba ni kosa nikanyamaza. Leo daktari wa moyo ameniambia kwa upole mwingi kwamba mambo ya mwakani niwaachie wengine. Binti yangu alikuwa anatazama dirishani. Nikamuuliza daktari, "Na mambo ya muhula huu?" Akasema muhula huu naruhusiwa, mradi nisipande ngazi. Basi nina muhula mmoja wa kusema.

Jambo lenyewe ni hili. Shule ya muziki ya chuo kikuu ilipofungua kitengo cha watoto, mwalimu wa kwanza wa piano nilikuwa mimi. Tulikuwa na wanafunzi kumi na tisa na kitabu kimoja cha chapa, kimeliwa na mchwa mgongoni. Nikanakili mazoezi kumi na mawili kwa mkono kwenye daftari, tukatoa nakala, na hadi leo watoto wote hujifunza kwa "Daftari la Mwalimu." Katika zoezi la tisa, baa ya kumi na saba, nilisahau flati. Baa kwetu ni kile kijumba cha noti kati ya mistari miwili iliyosimama. Flati ni kialama kama herufi b iliyochongoka, nacho huishusha noti nusu hatua. Bila flati ile, mkono wa kulia unagombana na wa kushoto, na msikilizaji anakunja uso kama aliyeuma ndimu.

Watoto wa kwanza walipokunja uso, badala ya kurudi kwenye kitabu nikatoa hotuba. "Hapo mtunzi ametaka tushtuke," nikasema. Maneno yalikuwa matamu, nikajisikia vizuri siku nzima. Wakaiita noti ile "ndimu." Waliokuwa wanafunzi wakawa walimu, nao wakafundisha: ukifika kwenye ndimu tulia, iegemee, usikunje uso. Kosa la kalamu likawa mila ya shule.

Jumatano, 6 Machi

Mvua zimeanza. Binti yangu amenipeleka shuleni. Ni mwalimu wa jiografia, na huendesha gari kama anavyosahihisha mitihani, kwa hasira na kwa haki.

Nimebakiwa na mwanafunzi mmoja tu, Jumatano na Jumamosi, chumba namba nne, ghorofa ya chini. Ana miaka kumi na moja. Namwita Kwanini, maana neno hilo kwake ni kama pumzi.

"Shikamoo, Babu Mwalimu."

"Marahaba. Umefanya mazoezi?"

"Nimefanya. Kwa nini miguu yako imevimba?"

"Moyo umekuwa mvivu."

"Kwa nini usiupe mazoezi na wenyewe?"

Nikamwambia afungue ukurasa wa saba.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua. Kwanini ameuliza kwa nini vibonyezo vyeusi ni vichache kuliko vyeupe. Nina miaka themanini na mitatu na jibu la maana sina.

Jumamosi, 16 Machi

Mkuu wa kitengo aliingia chumba namba nne amekumbatia karatasi kifuani kama mtoto mchanga. Huyu nilimfundisha tangu miguu yake ikining'inia juu ya pedali, na bado akiniona hunyoosha mgongo.

"Mwalimu, nina habari mbili, na zote zitakupendeza. Ya kwanza, chuo kitalipiga chapa Daftari lako. Kitabu kamili, jalada gumu, jina lako kwa herufi kubwa."

"Mwanangu, vile ni vikaratasi tu."

"Ni urithi, Mwalimu. Ya pili, mtihani wa nafasi ya darasa la juu ni tarehe nne Mei. Nafasi ni moja, watoto ni wanane, na Kwanini wako yumo. Wote watapiga zoezi la tisa. Nimetenga alama kumi kwa ndimu peke yake."

"Kumi?"

"Kumi. Huwezi kusema wewe ni wa shule hii kama hujui kuishika ndimu."

Ulimi ulifika kwenye meno ukarudi. Nikamwambia hongera. Nikatazama mvua inavyopiga kioo cha dirisha, nikawaza kwamba kosa langu sasa litavaa jalada gumu, na mimi nitakuwa nimelala pahali ambapo hakuna wa kuniuliza.

Jumatano, 20 Machi

Tumefika zoezi la tisa. Alipiga taratibu, ulimi nje kidogo pembeni mwa mdomo. Kwenye baa ya kumi na saba akasimama. Akarudi, akapiga tena, akasimama. Mara ya tatu akaishusha noti nusu hatua, kama ilivyo kwenye kitabu cha chapa ambacho hajawahi kukiona.

"Hapa ndivyo inavyotaka," akasema. "Kwa nini wameandika ile nyingine?"

Na mimi, mtu mzima, nimevaa miwani na aibu ya umri wote huu, nikafungua kinywa na nikasikia kinasema: "Hapo mtunzi ametaka tushtuke."

"Mimi sijashtuka," akasema. "Nimeumia sikio."

Jumamosi, 23 Machi

Sikwenda. Kifua kizito. Au visingizio vyepesi.

Jumatano, 27 Machi

Unyevu umevimbisha mbao, na vibonyezo vitatu vya chumba namba nne vikibonyezwa haviinuki. Fundi wa piano ameitwa. Nilimkuta amelivua piano kifua, mkoba wa vifaa miguuni, kichwa kimezama ndani, mgongo tu ndio unaoonekana.

"Shikamoo, Mwalimu," mgongo ukasema.

"Marahaba. Umejuaje kuwa ni mimi?"

"Mguu wako wa kushoto unachelewa nusu pigo. Nimetaka kuurekebisha miaka mingi, hujaniletea."

Akachomoa kichwa, akacheka. Ana miaka arobaini na tisa, mvi chache, mikono mirefu. Anajiita daktari wa meno, na vibonyezo ndiyo meno yake. Kwanini alimwandama saa nzima, naye alijibu kila kwa nini kwa subira ambayo mimi sina.

Mtu huyu lazima nimwandike hapa, kwa sababu ndiye anayenidai maneno.

Miaka thelathini na minne iliyopita alikuwa kijana wa miaka kumi na mitano, na alikuja kufanya mtihani wa nafasi hiyohiyo moja. Alikuwa na sikio ambalo mwalimu hulipata mara moja maishani. Kwenye baa ya kumi na saba alipiga noti sahihi, kisha akaondoa mikono, akasema kwa adabu kabisa, "Mwalimu, hapa karatasi ina kosa." Pembeni yangu walikaa wasimamizi wawili wageni ambao asubuhi hiyo walikuwa wamelisifu Daftari langu. Nikamjibu, "Kosa liko kwenye vidole vyako." Wageni wakacheka. Hakufaulu. Mwaka uliofuata alirudi shuleni amebeba mkoba wa fundi mzee, na tangu siku hiyo yeye ndiye anayetuweka sote sawa. Siku ile hatujawahi kuitaja.

Leo alipomaliza alipiga vipande viwili vitatu kujaribu, mikono yote miwili, laini kama maji. Kila kipande alikikatisha kabla hakijawa muziki. Kwanini akamuuliza kwa nini hamalizi. Akasema, "Daktari wa meno hali chakula cha mgonjwa." Tukacheka sote. Mimi nilicheka nikiangalia sakafu.

Jumatano, 3 Aprili

Binti yangu amenijia na chai isiyo na sukari na sura ya hakimu.

"Baba, jana mchana ulikuwa unaota kwa sauti. Baa ya kumi na saba, baa ya kumi na saba. Daktari amekukataza hata chumvi, na wewe kumbe umeshazunguka baa kumi na saba?"

Nilicheka hadi nikakohoa. Nikamweleza kwamba ni baa ya muziki.

"Hata kama. Ya kumi na saba ni mbali kwa mzee."

Neno hilo kwetu ni kijumba cha noti, ni pahali pa pombe, na ni janga. Yeye alinikamata kwa la pili. Sikumwambia kuwa ni la tatu.

Jumamosi, 6 Aprili

Mvua. Zoezi la tisa. Mvua.

Jumatano, 10 Aprili

Nimekwenda ofisini kwa Mkuu nikiwa nimefanya mazoezi ya sentensi moja: "Mwanangu, ndimu ni kosa langu." Nilibisha hodi, nikaketi, nikavuta pumzi. Akanionyesha jalada. Wamelichora kwa rangi ya kijani, na katikati wameweka picha. Ndimu.

Nikasema rangi imependeza.

Jumamosi, 13 Aprili

Kitandani. Binti yangu ananipimia maji kwa kikombe kama anapima mvua ya wilaya.

Jumamosi, 20 Aprili

Leo nilimwambia Kwanini ukweli, lakini nusu. Nusu ya ukweli ina njia ya kuwa mbaya kuliko uongo mzima.

"Sikio lako liko sawa," nikamwambia. "Noti ile inapaswa kushuka."

Uso wake ukawaka. "Nilijua."

"Ila kwenye mtihani upige ndimu, kama ilivyoandikwa. Ina alama kumi. Usipoipiga utakosa nafasi."

Akafikiri. Anapofikiri hukwaruza mguu mmoja kwa kiatu cha mwingine.

"Kwa hiyo nikosee kwa adabu?"

Nikamwonyesha baa kwa kidole. Alipiga ndimu kama nilivyomwagiza, akaiegemea vizuri kabisa, na hakukunja uso. Mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuuliza kitu. Alifunga daftari, akasema kwaheri Babu Mwalimu, akatoka. Nilikaa kwenye kile kiti mpaka binti yangu akapiga honi mara tatu.

Miaka thelathini na minne iliyopita nilimfundisha mtoto mmoja kwamba sikio lake linadanganya. Leo nimemfundisha wa pili kwamba sikio lake linasema kweli na asilisikilize. Sijui ni kosa lipi lililo baya zaidi. Najua nani aliyefanya yote mawili.

Jumatano, 24 Aprili

Jua, siku nzima. Nimeambiwa nimenuna bila sababu.

Jumamosi, 4 Mei

Mtihani.

Nilipewa kiti cha heshima nyuma, karibu na mlango, na mto wa kuwekea miguu. Mezani walikaa Mkuu na mwalimu wa filimbi, mtu mnene mpole anayelala macho wazi. Mvua ilikuwa nzito, tukafunga madirisha, chumba kikanuka soksi za watoto wanane.

Saba walipiga kabla yake. Saba walifika kwenye ndimu, wakatulia, wakaiegemea. Kila mara kalamu ya Mkuu ilitingisha kichwa kwa furaha. Mvulana mmoja aliiegemea mpaka nikadhani amesinzia.

Kwanini akaingia mwisho. Akasalimia, akarekebisha kiti, akaanza. Alipiga vizuri kuliko alivyowahi kunipigia. Ilipokaribia baa ya kumi na saba niliona bega lake likiinuka, akageuza uso kidogo, akanitazama. Kisha akaishusha noti nusu hatua, na zoezi likapita pale laini, kama mtu anayepita mlango wa kwake.

Mkuu akachora mstari. Alipomaliza akamwambia, kwa huruma ya kweli, "Pole, mwanangu. Umeikosa ndimu."

"Sijaikosa," Kwanini akasema. "Nimeikataa."

Mwalimu wa filimbi akaamka. Mkuu akavua miwani. "Umekataa noti iliyoandikwa na Mwalimu wako?"

Mtoto hakujibu, na hakunitazama tena. Alikuwa ananilinda. Miaka kumi na moja, ananilinda mimi.

Nikasimama. Inanichukua muda kusimama.

"Hakukosea yeye," nikasema. "Nimekosea mimi. Pale pana flati. Niliisahau nilipokuwa nanakili. Ndimu si noti, ni usahaulifu wangu. Kitabu cha chapa kimo kwenye kabati la ofisi, kifungueni."

Mwalimu wa filimbi alikwenda kukileta, akikipangusa vumbi. Mkuu akafungua, akahesabu baa kwa kidole, akafika ya kumi na saba. Akarudi mwanzo, akahesabu tena. Flati ilikuwa palepale, mchwa hawakuigusa.

"Mwalimu," akasema polepole, "nimefundisha ndimu miaka kumi na minane."

"Najua, mwanangu."

"Kwenye tasnifu yangu nimeiandikia kurasa nane."

"Nilizisoma. Ni kurasa nzuri."

"Uliniandikia hongera pembeni."

"Uchambuzi ulikuwa wa kina. Kitu chenyewe tu ndicho hakikuwepo."

Nilidhani atalia. Midomo ilimtetemeka, mabega yakafuata, na kumbe ni kicheko. Mwalimu wa filimbi naye akaanza, na mwishowe chumba kizima kilikuwa kinacheka, pamoja na watoto saba waliokuwa wanachungulia mlangoni bila kujua kinachochekwa. Kwanini peke yake ndiye aliyebaki makini.

"Kwa hiyo zile alama kumi?" akauliza.

Hakuna mtoto aliyekatwa alama kwa baa hiyo. Kwanini amepata nafasi kwa baa nyingine zote.

Jumatano, 8 Mei

Shule imegawanyika. Watoto wakubwa wamepeleka barua kwa Mkuu wakiomba ndimu isiondolewe, kwa kuwa "tumeteseka nayo vya kutosha, ni yetu." Mkuu ameamua kitabu kitoke na flati, na jalada libaki lilelile. Kwanini ameniuliza kwa nini nilikaa kimya muda mrefu hivyo. Nikamwambia, kila siku niliyonyamaza iliifanya inayofuata kuwa ngumu zaidi. Akasema hata yeye aliwahi kuvunja bilauri.

Jumamosi, 11 Mei

Fundi amekuja kukagua vibonyezo. Habari alishazipata, hapa hata kuta zina masikio yaliyofunzwa. Nilimwomba aniketishe, kisha nikamwambia mwenyewe kwa kinywa changu: ulipiga sawa, karatasi ilikuwa na kosa, kama ulivyosema.

Akasikiliza huku anafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Halafu akaanza kucheka, taratibu.

"Kumbe, Mwalimu. Miaka yote hii umekuwa unasambaza noti bandia."

"Nisamehe."

"Nilijua karatasi ina kosa. Hilo halikunisumbua, kila mtu hukosea kunakili. Nilichokuwa najiuliza ni kama wewe ulijua." Akakunja kitambaa. "Uligundua lini?"

"Baadaye," nikasema.

Alishusha pumzi, na uso wake ukatulia kwa namna ambayo sijawahi kuiona, kama uzi uliolegezwa.

"Basi," akasema. "Ni ajali kazini. Ningejua ulijua siku ile, sijui ningekuwa fundi wa nini. Labda wa makufuli. Yamekwisha, Mwalimu."

Akanishika mikono yote miwili. Nikarudi nyumbani nikiwa mwepesi, nikala vizuri, nikamtania binti yangu.

Jumatatu, 13 Mei

Wepesi umeisha. Nimesamehewa kosa nisilolitenda.

Alhamisi, 16 Mei

Binti yangu amenisomea usoni. "Baba, umeshinda mtihani, mtoto amepata nafasi, kitabu kinatoka. Sasa kinachokutafuna ni kipi?" Nikamwomba ampigie simu fundi, aje nyumbani atazame piano letu la zamani. "Lile lina shida gani?" Nikamwambia, mwenye nalo ndiye mwenye shida. Akaenda kupiga simu bila kuuliza zaidi. Mtoto huyu nimemlea vizuri, au mama yake ndiye aliyemlea.

Jumamosi, 18 Mei

Mvua zimekatika. Fundi amefika saa nne asubuhi, ameleta machungwa, akamwita binti yangu dada, akaniambia nimenenepa, uongo wa hisani. Akalivua piano kifua, akaanza kukaza nyuzi. Nilimwacha afanye kazi kama nusu saa. Ni raha kumtazama. Anasikiliza kwanza, ndipo anagusa.

"Fundi, kaa."

"Uzi mmoja umebaki, Mwalimu."

"Kaa tu. Ule uzi hauendi popote."

Akaketi kwenye kiti cha piano, ufunguo wa kukazia ukiwa bado mkononi. Nilikuwa nimejiandalia hotuba, maana mimi ni mtu wa hotuba. Nikaiacha. Nilimwambia kwamba Jumamosi iliyopita aliniuliza lini, na mimi nikasema baadaye.

Nikamwambia haikuwa baadaye. Siku ile, alipotoka chumbani, wale wageni wawili walikwenda kunywa chai. Nilibaki peke yangu. Nilikwenda kwenye kabati, nikatoa kitabu cha chapa, nikahesabu baa hadi ya kumi na saba, nikaiona flati. Nikakirudisha kitabu, nikafunga kabati, nikarudi mezani. Fomu yake ilikuwa pale mbele yangu, na nafasi ya matokeo ilikuwa bado tupu. Niliandika "Hakufaulu" nikijua.